Breki za Upande wa Mwalimu

Mwalimu wangu wa kwanza wa udereva alikuwa mtu wa ugoro. Aliuweka kwenye mdomo wa chini, na mate yake aliyatema kwenye chupa ya maji aliyoikata shingo. Chupa hiyo aliipachika katikati ya viti, pale pale jirani na gia. Kila nikitaka kuingiza gia ya pili, mkono wangu lazima uipite, na ndani yake yale maji ya kahawia yanachezacheza. Jamani! Mimi nimekulia zizini, kinyesi cha ng'ombe nimekikanyaga pekupeku tangu sijajua kuhesabu, na sijawahi kujiona mtu wa kuchaguachagua. Lakini ile chupa ilinishinda.

Na haikuwa chupa peke yake. Gari lake la kufundishia mwisho wa wiki lilikuwa linabeba dagaa kutoka ziwani Kapalamsenga, kwa hiyo Jumatatu ukipanda unapanda gunia la dagaa lenye usukani. Unafungua vioo vyote, unaendesha kichwa kikiwa nje kama mbuzi, na bado harufu inakufuata. Nikirudi nyumbani Nsemulwa, paka wa jirani ananisindikiza mpaka mlangoni. Halafu mafua ya mwalimu hayakuisha, masika na kiangazi. Anajifuta pua kwa kiganja, kiganja hicho hicho anakilaza juu ya mkono wangu ulioshika gia.

"Taratibu shemeji, tunaenda nayo hivi."

Tunaenda nayo wapi na mkono umelowa? Nilikuwa nakaza meno, naangalia barabara.

Aliniita shemeji kwa sababu alikuwa rafiki wa mume wangu. Walishaendesha malori pamoja ujanani, wakalala chini ya malori pamoja, wakala ugali wa sufuria moja. Mume wangu baadaye akanunua pikapu yake mwenyewe, ile nyeupe, na ndiyo iliyotulisha: anachukua mpunga wa wakulima huko vijijini, analeta kwenye mashine za kukoboa hapa Mpanda mjini. Mwaka juzi kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala, mdomo ukaenda upande, na pikapu ikabaki uani, kuku wakaanza kulala chini yake.

Haukupita muda, kaka zake wawili wakaja. Walikaa, wakanywa chai yangu, wakasema gari lisiloendeshwa linaoza, bora liuzwe tununue ng'ombe. Sisi Wasukuma ndivyo tulivyo, kitu chochote kikikwama tunataka kukigeuza ng'ombe. Nikawaambia ng'ombe hawabebi mpunga. Nitajifunza kuendesha mimi. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Mume wangu ndiye aliyewanyamazisha. Kwa kile kinywa chake cha upande alisema, "Mwacheni ajifunze." Wakakubali kwa shingo upande: mpunga mpya ukianza kuvunwa, wakija wakute naliendesha mwenyewe, gari libaki. Wakikuta siwezi, linauzwa siku hiyo hiyo.

Basi mume wangu akamwita rafiki yake, na rafiki akakataa malipo. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mtu uliyempa pesa yako unaweza kumwambia bwana wee, chupa yako inanitapisha, kwa heri. Mtu anayekufundisha bure kwa ajili ya mumeo mgonjwa utamwambia nini? Nilijaribu kumdokeza mume wangu. Nilimwambia, baba watoto, yule rafiki yako ni mchafu.

"Vumilia," akasema. "Ni mtu mzuri."

Nikavumilia. Na nikiwa ndani ya gari jamaa alinisifu kweli kweli, safi shemeji, umeiva shemeji, hata wanaume hawaachii klachi vizuri namna hiyo. Na ni kweli, gari halikuwahi kunizimikia hata mara moja. Tukifika kwenye kona linapungua lenyewe kama farasi aliyefundishwa, nikaamini nimezaliwa dereva. Lakini akija nyumbani jioni kumsalimia mgonjwa, wale kaka wa mume wangu wakiwepo, anatikisa kichwa. "Bado, bado. Mpeni muda." Nilikuwa nasikia nikiwa jikoni, nashangaa. Nikajiambia labda ni mtu wa kutopenda kusifu mbele za watu.

Siku iliyonimaliza, ng'ombe walikatiza ghafla barabarani, gari likafunga breki, na ile chupa ikaruka. Yaliyomo yote yaliingia kwenye kiatu changu cha kushoto. Yakiwa ya moto moto! Nilipiga kelele kama nimeumwa na nyoka. Yeye akacheka. Akasema, "Pole shemeji, hiyo ni dawa ya miguu." Nilishuka pale pale, mlango nikauacha wazi, nikatembea mpaka kwenye bomba la mama mmoja muuza mboga, nikasugua mguu kwa mchanga na sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kiatu nilikiacha hapo hapo bombani. Nikaapa kwamba gari lile sipandi tena hata wauze pikapu, wauze na nyumba.

Kuapa ni rahisi. Kumpata mwalimu mwingine ndiyo kazi. Shule nyingine ya udereva niliyoijua, gari lake lilikuwa limewekwa juu ya mawe tangu pasaka. Vijana wa bodaboda walijitolea kunifundisha, lakini hao hata pikipiki zenyewe wanajifunzia barabarani. Mtu aliyebaki alikuwa mmoja tu, dereva mstaafu wa malori anayekaa Magamba, mzee msafi, shati limepigwa pasi hata akienda shambani. Mtihani ni kwamba mzee huyo ni baba mdogo wa mume wangu. Yaani ni mkwe wangu.

Kwetu mkwe hukai naye kiti kimoja. Humpi mkono. Huli naye, hupishani naye kwenye njia nyembamba, ukimwona anakuja unaingia porini umpishe apite. Sasa huyo ndiye nikakae naye bega kwa bega ndani ya pikapu, magoti yakaribiane, anielekeze mguu niupeleke wapi? Heri ya mate! Hivyo ndivyo nilivyowaza. Siku nzima nilikuwa nachagua kati ya kinyaa na aibu, nachambua mchele nawaza, nafua nawaza. Mwisho kinyaa kikashinda. Aibu inaweza kuzoeleka. Yale mate nilikuwa nimekaa nayo kwa miezi na bado yalinitapisha.

Nilienda Magamba, nikapiga goti mbali, uso chini, nikaeleza shida yangu nikiiambia ardhi. 

"Hiyo pikapu," mzee akauliza, "bodi lake bado zima?"

"Zima, baba."

"Basi mimi nitakaa bodi."

Na ndivyo tulivyofanya. Alikuja Nsemulwa, akachukua ufunguo kwa mume wangu, ambaye aliangalia tu ukutani. Mzee akaendesha mpaka kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa upande wa Magamba, mimi nikiwa nyuma kwenye bodi. Tukifika tunabadilishana. Mimi naingia mbele peke yangu, yeye anapanda bodi, anasimama ameshika bomba la juu, ananiagiza kwa kupiga paa. Kofi moja simama, makofi mawili nenda, mengine yote anapaza sauti. Vijana wa bodaboda walikufa kwa kicheko. "Mama, mwalimu umempakia kama mzigo wa mbuzi!" Sikuwajali. Ndani ya pikapu palinukia mafuta na vumbi tu, nikavuta pumzi mpaka mwisho.

Nikawasha. Nikaachia klachi kama nilivyosifiwa. Gari likaruka, likazima. Nikawasha tena, likaruka, likazima. Mara ya tatu likaondoka kwa hasira, likakimbia kuelekea shamba la mihogo, na mimi nikalisubiri lipungue lenyewe. Mzee akapiga kofi moja. Akapiga tena. Akapiga ngoma nzima juu ya kichwa changu. Nililaza mihogo ya watu mistari miwili, nikasimamishwa na kichuguu.

Niliposhuka, mkwe wangu alikuwa chali kwenye bodi, miguu juu, kofia imepotea. Mungu wangu! Angekuwa mtu mwingine ningemrukia nimwinue. Sasa mkwe unamshika wapi? Nilisimama pembeni, mikono kichwani, nageuza uso nisimwone alivyokaa, nalia. Alijikusanya mwenyewe polepole, akakung'uta shati lake lile la pasi. Hakunigombeza.

"Mwanangu, mguu wa kulia ulikuwa wapi?"

"Ulikuwepo, baba."

"Breki uliikanyaga?"

Nikafikiria. Kwa kweli sikuikanyaga. Haikunijia hata kuikanyaga.

"Gari ulilojifunzia lina breki na klachi upande wa mwalimu?"

"Linazo, baba."

Alishuka, akaenda kuokota kofia yake, akaipiga gotini. "Basi miezi yote hiyo aliyekuwa anaendesha ni yeye. Wewe hujaanza."

Kinyaa cha siku ya chupa kikawa si kitu. Nilimwona kwa akili yangu mtu yule ameegemea kiti, mdomo umejaa ugoro, ananisifu umeiva shemeji, huku miguu yake iko kazini chini. Mikono yake juu ya mkono wangu, miguu yake badala ya miguu yangu. Na akitoka hapo anawaambia wanaume bado, bado. Nikaona ameitaka pikapu yetu, anangoja iuzwe ainunue rahisi. Nilimlaani kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, mkwe wangu akijifanya anakagua bampa.

Tulianza upya. Mzee alikuwa mkali na mpole kwa pamoja, na hakuna aliyekanyaga kitu kwa niaba yangu. Injini ilizima mpaka nikaota inazima. Nililipa mihogo kwa kwenda kuilima tena mwenyewe. Taratibu miguu ikapata akili, nikajua gari linavyoomba gia, nikajua kurudi nyuma kwa vioo bila kugonga banda la kuku. Nikafanya mtihani, leseni ikatoka. Mpunga ulipoanza kuvunwa, wale kaka wakaja na mnunuzi wao. Nilitoa pikapu getini kinyumenyume mbele ya macho yao, nikaenda kupakia magunia, nikayashusha mashineni, nikarudi nikiwa nimejaa pumba mpaka kope. Mkubwa wao alizunguka gari akilitafutia mkwaruzo, akaukosa. Mwisho akaniomba lifti mpaka stendi. Pikapu ikabaki.

Wiki hiyo hiyo nilimkuta mwalimu wangu wa ugoro kituo cha mafuta. Nilikuwa nimemwandalia maneno siku nyingi, na sikupunguza hata moja. Nilimwambia wewe ni mchafu wa mdomo na mchafu wa roho. Ulikuwa unakanyaga breki ili nisijue, nyumba ya rafiki yako ife njaa, uchukue gari. Watu wakasogea kusikiliza.  Yeye alitafuta chupa yake, akatema, akajifuta kwa kiganja.

"Mimi gari ninalo, shemeji. La kwako la nini?" akasema. "Kamuulize mumeo. Aliniambia nikucheleweshe."

Nilimtukana tena kwa uongo huo, lakini nikiwa njiani kurudi niliendesha vibaya.

Mume wangu nilimkuta kibarazani anakunywa uji, kikombe kwenye mkono wa kushoto. Nikasimama mbele yake na ufunguo mkononi. Nikamuuliza, ulimwambia nini rafiki yako? Alinitazama, akatazama pikapu, akatazama chini, na nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Nilitaka wauze," akasema. Maneno yake siku hizi yanatoka moja moja. "Nisilione tena. Nikimwona mtu kwenye kile kiti... mimi nimeshakufa."

"Mtu? Mimi ni mtu tu? Na watoto wangekula nini?"

"Ng'ombe wangekuwepo."

"Na ulisema mwacheni ajifunze. Mbele yao ulisema!"

"Nilijua hutaweza."

Hakuniomba radhi, na mimi sikungoja aniombe. Uji ulikuwa unamtoka upande uliolala, unashuka kidevuni na kuingia kwenye shati, kama unavyomtoka kila asubuhi. Nikachukua kitambaa, nikamfuta. Tangu aumwe namlisha, namwogesha, namwosha na uchafu wake wote, na watu wameniuliza unawezaje, nami nimewajibu kwa ukweli kwamba sioni kinyaa chochote, ni mume wangu. Siku ile nikiwa nimeshika kidevu chake niliona kinyaa. Nilimaliza kumfuta vizuri mpaka shingoni, nikaenda nyuma ya nyumba nikanawa mikono kwa sabuni.