Mwanamke Aliyetenga Maji ya Kuoga

Kwa miaka kumi na saba nimefundisha hadithi fupi ileile. Imo katika mkusanyiko wa hadithi za zamani tunaoutumia darasani, kurasa sita tu. Mwanamume anamuaga mkewe, anakwenda kutafuta kazi mbali, anakaa miaka tisa bila barua, kisha jioni moja anarudi na begi lake. Mke anampokea begi, anamtengea maji ya kuoga, anampikia, anamtandikia. Hasemi neno. Hadithi inaishia hapo.

Notisi zangu za hadithi hiyo zinasema hivi: mke ni mpole, mvumilivu, ana mapenzi ya dhati, dhamira kuu ni uvumilivu katika ndoa. Sikumbuki kama niliziandika mwenyewe au nilizinakili kwa mwalimu aliyenitangulia. Nimezisoma kwa sauti mara nyingi mno, kiasi kwamba naweza kuzisoma huku nawaza mambo mengine, na kusema kweli ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Baada ya vipindi vya kawaida, alasiri za Jumanne na Alhamisi nilifundisha darasa la watu wazima hapa Manyoni, watu waliotaka kurudia mtihani wa kidato cha nne. Walikuwa kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo aliyepika chakula cha abiria karibu na stesheni. Alikuja darasani na kanga bado ina harufu ya moshi, akakaa dirishani, akaandika polepole kila nilichosema.

Alhamisi moja nilikuwa nimechoka. Joto lilikuwa kali, na nilikuwa nimesimama ubaoni tangu asubuhi. Nikasoma: "Mke. Mvumilivu." Kalamu zote zikaandika, ya kwake ikasimama.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Uvumilivu wake umeuona wapi?"

"Miaka tisa amengoja, mama. Mume amerudi, hakugomba."

"Lakini mwandishi hakusema alikuwa anamngoja. Amesema alikuwepo tu." Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa ametenga maji. Hapa amepika. Hakuna mahali amemwangalia huyu mwanamume usoni. Hakuna mahali wamekula pamoja. Mimi napika kila siku, mwalimu. Kuna watu unawapikia na kuna watu unawatengea chakula tu. Huyu mama amechoka. Hana nguvu ya kugomba."

Nilichukua kitabu changu, nikapitia kurasa zile sita nikiwa nimesimama palepale. Alikuwa sahihi. Miaka yote hiyo sikuwahi kutazama kama mwanamke yule alimtazama mumewe.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Nilisikia uzito, kama mtu aliyeambiwa arudie kazi aliyodhani ameimaliza. Nikamwambia, "Hoja yako ni nzuri. Lakini kwenye mtihani andika mvumilivu. Msahihishaji ana mwongozo wake."

Akaniangalia kidogo. "Sawa, mwalimu," akasema, akaandika.

Mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani. Mke wangu anaishi kwetu upande wa Mtinko, analima mtama na alizeti na kuwatunza wazazi wangu. Mimi nimepanga chumba Manyoni. Mwanzoni tulisema ni kwa mwaka mmoja, mpaka nipate uhamisho. Huo ulikuwa mwaka wa kumi na nne. Mbele ya ndugu huwa namsifu. Nasema nimejaliwa mke mvumilivu, na watu huitikia kwa kichwa.

Nilimkuta uani anapeta mtama. Akanipokea mkoba, akaniuliza habari za safari, akarudi kwenye ungo. Nikaketi kwenye kigoda na bila kupanga nikaanza kumsimulia ile hadithi, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza huku anapeta.

"Sasa kwa nini huyo mwanamke hakusema neno?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye mwalimu, unaniuliza mimi?"

"Nataka kusikia unavyoona."

Akautua ungo. Tukiwa wawili huwa tunaongea Kinyaturu, lakini jibu hili alilitoa kwa Kiswahili, taratibu, kama anayezungumza na mgeni wa ofisi.

"Labda alishasema yote kabla mumewe hajarudi. Mimi nilikuwa nakuuliza uhamisho kila ukija. Umeona siku hizi nakuuliza?"

Nikasema hapana.

"Basi."

Akanyanyua ungo akaendelea. Makapi yakawa yanaruka upande wangu, nikasogea.

Kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia, nami nalisema hapa kwa aibu. Barua ya kuomba uhamisho niliiandika mara moja tu, mwaka wa pili. Sikuifuatilia. Kila aliponiuliza nilisema bado wanashughulikia. Nilikuwa nimezoea chumba changu, ukimya wake, kurudi kutoka kazini na kutoulizwa kitu na mtu yeyote. Nilimwambia hayo yote siku ileile, kabla hajamaliza kupeta. Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliniuliza kama nitakula ugali sasa au nitasubiri wazee warudi kutoka kanisani. Nikasema nitasubiri.

Yule mama wa stesheni alifaulu Kiswahili. Nilikutana naye stesheni matokeo yalipotoka, nikampongeza, naye akacheka akafunika mdomo kwa kanga.

"Niliandika mvumilivu, mwalimu, kama ulivyosema," aliniambia. "Nikaweka na mifano mitatu."

Alikuwa na haraka, treni ilikuwa inakaribia. Nilibaki nimesimama pale na pongezi zangu, najisikia vibaya. Mwaka uliofuata, kabla ya kutoa notisi, niliwauliza wanafunzi wangu wapya wanamwonaje mke yule. Waliinamia madaftari yao. Mwishowe mmoja akanyoosha mkono: "Kwa hiyo mwalimu, tuandike nini?" Nimeendelea kuwauliza hivyohivyo kila darasa. Ni kazi nzito na mara nyingi haizai kitu.

Barua ya uhamisho nimeandika upya. Safari hii nimeipeleka ofisini mwenyewe, na nimeifuatilia mara tatu. Siku nilipoambiwa imepitishwa hatua ya kwanza nilimpigia simu mke wangu.

"Haya," alisema.

Nikangoja aseme zaidi. Nilisikia kuku, na mama yangu akiita kwa mbali. Sikuweza kujua "haya" ile ilikuwa ya namna gani. Kisha akaniambia mvua imeanza upande wa Mtinko, alizeti inataka palizi wiki hii, na simu yake inaisha chaji.