Onyo Ambalo Mpiga Chapa Hakulisikia

Saa mbili unusu asubuhi, mpiga chapa anavuta kiti, anapapasa ukingo wa meza mpaka anavifikia vipokea sauti, anavivaa. Kimya. Anabonyeza kitufe alichokizoea kwa miaka kumi na mmoja. Kimya vilevile. Anavivua, anageukia rundo la bahasha ambalo siku hizi ndiyo kazi yake.

Hii ni wiki ya tatu. "Najua haitasema," anasema. "Lakini mkono unaenda wenyewe."

Mama huyu wa watoto wawili haoni tangu utotoni. Kazi yake ni kuchapa mikutano iliyorekodiwa, na kinachomwezesha ni programu ya kumsomea skrini. Aliitengeneza mdogo wake, fundi redio aliyejifundisha kompyuta, akarekodi silabi moja moja kwa sauti yake mwenyewe, maana zile za kununua zilisoma Kiswahili kama mlevi.

Kisha kompyuta za ofisi zikasasishwa. Asubuhi hiyo alidhani waya umekatika. Mkutano uliorekodiwa ulitakiwa uwe umechapwa kabla ya mchana; akausikiliza kwenye kinasa sauti, akaona achape hivyo hivyo, vidole vinajua njia. Alichapa saa mbili nzima na haikuingia hata herufi moja.

Katikati ya skrini lilikuwa limekaa onyo: programu imezuiwa, mtengenezaji hajulikani. Wa kumsomea onyo hilo ndiye huyo huyo aliyezuiwa. Wenzake wanne walipita nyuma yake wakaliona, kila mmoja akadhani mwenyewe ana habari.

"Mashine nimeisamehe," anasema. "Wale wana macho."

Anacheka bila furaha. "Eti hajulikani. Mimi namjua, nimembeba mgongoni."

Fundi wa ofisi anakiri kwamba programu haina ubaya wowote, ila ruhusa imefungwa makao makuu na yeye hana ufunguo. Mdogo mtu ameiandikia kampuni iliyotengeneza mfumo wa kompyuta hizo mara tano. Majibu yote matano yana maneno yale yale: asajili kampuni kwanza. Yeye ana kibanda na koleo la kukatia waya.

Mkuu wa ofisi ametoa muda mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo nafasi atapewa mwingine. "Usalama ni wa wote," aliniambia bila kuinua kichwa. Wote, kasoro mmoja, na huyo mmoja alikuwa chumba cha pili akilamba bahasha.

Nyumbani, kwenye kompyuta kuukuu isiyounganishwa na mtandao, sauti ya mdogo wake bado inasema. Kwa msaada wa sauti hiyo ameandika barua ya ukurasa mmoja kwa makao makuu: wafungue ruhusa, au wamwache aje kazini na kompyuta hiyo kuukuu. Jumatatu ataipeleka kwa mkono wake.

"Nitasimama pale pale mpaka wanijibu kwa mdomo," anasema. "Safari hii wasiniandikie kwenye skrini."