Swali la Usalama

Kaka yangu alihudhuria semina ya usalama wa mtandao, ya asubuhi moja tu, ofisini kwake Bukoba mjini, na tangu siku hiyo ukoo wetu haukupumua. Tapeli kweli alikuwepo: aliweka picha ya baba mdogo, akaanza kutuomba zile namba za siri zinazotumwa kwenye simu. Tungemfungia yakaisha. Kaka akaunda kamati, yeye mwenyekiti.

Kamati ikatoa sheria kwenye kundi la familia. Namba ngeni haipokelewi. Mwenye namba mpya aulizwe swali ambalo tapeli hawezi kulijibu: babu yetu mzaa baba aliitwa nani? Nikauliza kama tapeli hawezi kuliulizia jina hilo sokoni Muleba akaambiwa na yeyote. Nikajibiwa nisivuruge mchakato. Haya.

Haukupita muda, simu ya Mae, mama yetu, ikatumbukia kwenye pipa la maji kule nyumbani Ijumbi, anakoishi na Tata, baba yetu. Akaazima simu ya jirani, akampigia kaka, ambaye namba yake ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa. Kaka hakupokea, sheria ni sheria. Mae akamwandikia: "Mwanangu, Tata yenu amepooza upande mmoja. Anawaita. Njooni upesi."

Msomi wetu akaipiga picha meseji hiyo, akaibandika kwenye kundi. "Mnaona mbinu zao? Ugonjwa, halafu haraka. Nimemuuliza swali, anasema, 'Jina hilo silitaji, na wewe unajua.' Amekwama. Nimemfungia." Pongezi zikamiminika. Binamu mmoja alipendekeza mwenyekiti aandaliwe cheti.

Mimi nilikuwa sina bando. Nilikuja kuyaona hayo Jumapili, nimetoka misa, nimekaa zangu barazani kwangu Nyanga namenya ndizi. Kisu kilinidondoka. Kwetu mwanamke wa rika la Mae hatamki jina la baba mkwe wake. Mzee alikufa kabla sijazaliwa, na hadi leo Mae humwita "mwenye mji". Hata majina ya marehemu wetu yanapopelekwa kanisani kuombewa, lile humwachia Tata aliseme. Tapeli angelitaja bila kupepesa macho. Aliyekataa hakuweza kuwa mwingine.

Nikampigia kaka. "Umemfungia mama yako, mpumbavu wewe."

"Una uhakika gani ni yeye?" akaniuliza, kwa sauti ileile ya semina. Nilitamani nimtafune.

Nilipomweleza, akaja kunichukua na gari. Njiani alijaribu kunielewesha kwamba utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri, ila swali ndilo halikufanyiwa utafiti. Nikamwambia aangalie barabara. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa naogopa sana.

Mae alikuwa mlangoni. Hakutugombeza, na hilo lilinitisha kuliko matusi. Alisogea pembeni tupite.

Tata alilala chali, macho wazi, mdomo umevutwa upande mmoja. Kaka akapiga magoti kando ya kitanda, na suruali yake ya ofisini. "Tata, ni mimi. Nimekuja." Midomo ya mzee ikahangaika kwa muda mrefu, sauti haikutoka. Alimtazama kaka, akanitazama na mimi, akajaribu tena, akaacha.

Mae alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Jana mchana alikuwa bado anasema," akasema. "Alikuwa anawaita, mmoja mmoja, kwa majina yenu."