Seva Iliyozubaa na Jani la Isale

Kwa nini mashine iliyowekewa programu mpya iende polepole kuliko ilipokuwa na ya zamani? Nakumbuka, mwanangu, meneja wetu akiniuliza hivyo asubuhi moja mjini Moshi. Ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, nabishia kila ninaloambiwa, na kunyamaza sikukuzoea.

Kampuni yetu ilipeleka wageni Kilimanjaro, nao walijiandikisha kwenye tovuti. Seva, mashine iliyobeba tovuti hiyo, ilikuwa kwenye chumba cha nyuma. Ijumaa niliiwekea toleo jipya la programu. Jumatatu ukurasa mmoja ulichukua dakika nzima kufunguka, wageni wakawa wanaondoka. Niliichunguza mashine: haijazidiwa na kazi, imetulia tu. Nilichanganyikiwa. Kwa kuwa lazima niseme kitu, nikasema, "Labda Mzee Hamisi ameichezea."

Mzee Hamisi wa Majengo ndiye aliyeitunza seva kabla yangu, na bado alikuwa kazini pale, fundi aliyeanzia kwenye kutengeneza redio. Meneja akamwambia akae nyumbani kwanza. Maana ya hiyo "kwanza" tuliijua sote, na mzee alikuwa bado anasomesha watoto.

Siku tatu nilibadilisha hiki, nikabadilisha kile. Mara iende kidogo, mara izubae zaidi, na sikujua lipi limeleta lipi. Wala sikuona alama yoyote ya mkono wa mzee. Siku ya nne nikachuma jani la isale nyumbani Kibosho, kama sisi Wachagga tunavyofanya tukienda kuomba msamaha, nikashuka Majengo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jani la nini hilo, binti? Umeona nina mbuzi hapa?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

"Haya, nimekusamehe. Umebadilisha mangapi?"

"Sikumbuki."

"Msomi mzima! Hata kwenye karatasi hukuandika?"

Alikuwa ametunza nakala ya mipangilio ya zamani kwenye diski. Tukaenda ofisini, akairudisha yote, na ukurasa ukafunguka hata sijavuta kiti.

"Kwa nini, mzee?"

"Sijui," akajibu, bila aibu yoyote.

Meneja akamwomba radhi, na mzee akarudi kazini. Mimi nikabaki na lile "sijui". Mtu anawezaje kulitamka kirahisi vile?

Mwanangu, hoji kila kitu, sikukatazi. Ila usipojua, sema hujui. Usitafute jina la mtu wa kuziba pengo hilo. Badilisha kimoja, tazama, andika, ndipo ushike kingine. Mungu akujalie subira, na akuweke karibu na watu wasiochoka kuulizwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nafundisha wengine, ndipo nikajua. Toleo lile lilikuja na mpangilio wa kuuliza jina la kompyuta ya kila mgeni kwa mashine nyingine ya mbali kabla ya kumfungulia, na ya mbali ilikuwa haijibu. Seva yetu ilikuwa nzima muda wote. Ilikuwa inasubiri jibu.