Kikombe cha Kinyozi

Mama mkwe wangu alifua mashuka ya hospitali maisha yake yote ya kazi, na kazi ile ilimwachia tabia moja ambayo haikumtoka hata alipostaafu. Alimjua mtu kwa kile alichokiacha nyuma. "Dobi hamjui mgonjwa," alizoea kuniambia, "anajua shuka lake." Shuka likija limeloa jasho, alijua homa imeshuka. Likija na damu, alijua limetoka wodi gani. Siku nyingine alirudi nyumbani akala kimya, nasi tukaelewa kuna shuka limekuja na habari mbaya. Lakini uso wa mgonjwa hakupata kuuona hata mmoja, maana chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa, karibu na mapipa ya taka, na madobi hawakuruhusiwa wodini.

Alipostaafu, mwanawe, yaani mume wangu, alimnunulia kiti cha kuegemea ili apumzike barazani. Kiti kile kikawa cha paka. Yeye alikwenda kanisani akaomba ufunguo wa jiko la ukumbi, akaanza kupika kila Jumamosi kwa ajili ya watu wanaolala nje. Nami nikaburutwa. Nilisema nitakuja siku moja tu nimsaidie kuchambua maharage, na mpaka leo nachambua.

Hakupenda mtu awaite ombaomba wala maskini. Aliwaita majirani. "Wanalala mtaa huu huu tunaolala sisi," alisema. "Tofauti ni paa." Wazee wa kanisa walitabasamu wakasema kutoa ni moyo, si utajiri, kisha wakaenda zao, kama ilivyo kawaida ya wapenda methali ile.

Sasa vikombe. Mama aliomba vikombe vya bati huku na huku, akapigilia misumari kwenye ubao mrefu ukutani, na kila jirani aliyezoea kuja akapewa kikombe chake mwenyewe, kimefungwa kitambaa kwenye kishikio ili kisichanganywe na cha mwingine. Huyu kitambaa chekundu, huyu cha maua, huyu kipande cha taulo. Mtu aliyelala juu ya boksi, asiye na mlango wala kufuli, alikuwa na msumari wake ukutani. Nimeona wanaume wazima wakikishika kikombe kile kama hati ya nyumba. Na Mama alikuwa na kanuni: kikombe kikikaa kikavu Jumamosi mbili, yeye mwenyewe alitoka na kikapu chake kumtafuta mwenye kikombe. Aliuliza sokoni, akaingia kwenye majengo mabovu, akatukanwa na walevi, mpaka ampate.

Kati ya majirani wote, aliyempenda kuliko wengine alikuwa Kinyozi. Zamani alikuwa na kibanda chake, chenye kioo kikubwa na kiti cha kuzunguka. Kibanda kikavunjwa kupisha barabara, akaanza kunywa, mke akaondoka. Yeye mwenyewe aliyasimulia hivyo, kwa pumzi moja, kama anayetaja bei. Alibaki na mkasi, chanuo na kipande cha kioo, na kila Jumamosi kabla ya chakula aliwanyoa wenzake kando ya ukuta, bure. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji," aliita, na wakajipanga. Za kwake zilikuwa kichaka, na ukimtania alijibu kwamba kinyozi hajinyoi.

Mimi na yeye tulikuwa na ugomvi wa kudumu. Hakuwahi kumaliza uji wangu. Kila mara alibakiza kidogo chini ya kikombe, na alipoulizwa alisema kwa sauti ya kunifikia jikoni, "Uji wa mkweo, Mama, chini una mawe." Watu wakacheka. Nilimchukia kwa nusu saa, kisha nikampa maharage zaidi.

Halafu akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha ndani, cha kumkunja mtu mpaka ashike ukuta. Mama alimsihi aende hospitali, naye akasema atakwenda. Kila wiki alisema atakwenda. Siku moja Mama alimshika ukosi akamwambia, "Wewe, sitaki nije nikujue kwa shuka." Kuanzia hapo Mama alikuwa na ombi moja tu, asubuhi na jioni, nami nililisikia kupitia ukuta wa chumba: Kinyozi apone.

Mwaka huo huo magoti ya Mama yakamkatalia. Kutembea mpaka kanisani aliweza, kwa fimbo na kwa kunung'unika, lakini kuzunguka mitaa hakuweza tena. Akahamia nyuma ya jiko, kwenye karai la kuoshea vyombo, akakaa kwenye kigoda. Kule mbele kwenye mabenchi wakaja watu wa zamu: wiki hii kwaya, wiki ijayo akina mama, wiki nyingine vijana. Watu wazuri, walipakua kwa tabasamu, lakini hawakumjua yeyote. Na kwa ajili ya utaratibu waliweka kamba, majirani wasipite kuja jikoni.

Tena langoni watu walikuwa wanaongezeka, na mabenchi yalikuwa yale yale. Mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la saruji, akaitisha kikao. Akasema kikombe kikikaa kikavu Jumamosi mbili apewe mtu mwingine anayesubiri langoni. "Asiyekuwepo na lake halipo," akasema. Mama akauliza, na kutafuta je? Akajibiwa kwamba vijana wa kwaya watatafuta. Mama akakubali, maana na wale wa langoni nao walikuwa na njaa. Vijana wa kwaya walikwenda kutafuta mara moja. Baada ya hapo wakawa na mazoezi.

Mama hakujua kwamba wameacha. Alikuwa nyuma na karai lake, na kila Jumamosi vikombe vilimjia vichafu, naye akavisoma kama alivyosoma mashuka. Huyu hakunywa, tumbo linamsumbua. Huyu ameshika kikombe na mikono yenye grisi, kumbe amepata kibarua gereji. Nilimcheka, nikamwambia angefungua kibanda cha kupiga ramli.

Jumamosi moja aliniita. Alikuwa ameshika kikombe chenye kitambaa cha bluu, cha Kinyozi.

"Tazama, mkwe," akasema. "Amekunywa mpaka chini."

Nikatazama. Kikombe kilikuwa kimekwanguliwa safi, hata punje haikubaki.

"Labda uji wangu umeacha kuwa na mawe," nikasema.

"Hamu ya kula imemrudia. Mgonjwa akianza kula, ameshavuka."

Wiki iliyofuata kikaja hivyo hivyo, na zilizofuata pia, kwa zaidi ya miezi miwili. Mama akawa mtu mwingine. Akaimba kwenye karai. Jumapili, mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, akasimama kwa fimbo yake, akasema Bwana asifiwe, akawaeleza watu kwamba jirani yetu Kinyozi, aliyekuwa anakohoa mpaka tukamkatia tamaa, anapona. Kanisa zima likapiga makofi. Mwenyekiti wa kamati alipiga kuliko wote.

Jumamosi ya baada ya hapo maji yalikatika jikoni. Ikabidi karai lihamishiwe mbele, kwenye pipa la maji ya mvua, karibu na mabenchi. Nilimbebea Mama kigoda, akaja polepole, akakaa, akainua macho kuwasalimu majirani zake ambao alikuwa hajawaona kwa muda mrefu. Nami nikatazama alikotazama, nikaona. Benchi zima lilikuwa vichaka. Nywele zilikuwa zimefunika masikio, ndevu zimesongamana na kushika punje za wali. Hakuna hata mmoja aliyeguswa na mkasi kwa muda mrefu.

"Nani anawanyoa nyinyi?" Mama akauliza.

Wakatazama sahani zao, kisha mmoja mmoja wakamtazama Bega. Bega alikuwa mchukuzi wa sokoni, mtu mkubwa, anayelala na mkokoteni wake, rafiki wa Kinyozi. Mbele yake palikuwa na vikombe viwili.

"Bega," Mama akasema. "Kitambaa cha bluu ni cha nani?"

"Cha Kinyozi, Mama."

"Na anayekinywea?"

"Sikinywei, Mama. Namwaga kwenye kopo nampelekea. Nakikwangua kwa kidole ili kisipotee kitu. Mwanzoni alikuwa anakunywa nusu. Sasa anaonja tu."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilikuja. Wale wa zamu wakasema mwisho kwenye kamba." Akakisogeza kando kikombe cha bluu. "Halafu yeye mwenyewe alikataa. Alisema nisiache kikauke. Zamani kikombe kikikauka ulikuwa unakuja wewe, Mama. Siku hizi kikikauka anakuja mtu mwingine kukinywea."

Mama alijaribu kusimama, magoti yakakataa, akajaribu tena. Bega akaleta mkokoteni, tukampandisha hapo mwanamke mwenye umri ule, na fimbo yake na kikapu chake, tukapita naye barabarani mchana kweupe. Mwenyekiti alituuliza tunakwenda wapi. Nilimjibu vibaya, wala sijutii.

Kinyozi alikuwa chini ya ngazi za jengo lililoishia njiani, lenye nondo zilizochomoza juu na nyasi sakafuni. Alilala juu ya maboksi. Kando ya kichwa chake palikuwa na mkasi, umefungwa vizuri kwa kitambaa, na kopo la uji wa juma lililopita, umeganda. Alikuwa amekwisha mwili. Nilimtambua kwa nywele zake tu.

"Mama," akasema, "magoti yako."

"Achana na magoti yangu. Mbona umenificha?"

Alikohoa kwanza, tukangoja. "Nilisema nikipata nafuu nitarudi. Nikirudi nikute msumari una mtu mwingine, nitakaa wapi?"

Mama alikaa chini kwenye vumbi, sijui kwa magoti gani, akamshika mkono. Alilia mbele yetu sote bila kujificha. Mimi nilikuwa na hasira, nikimtafuta wa kumkasirikia, na kila niliyemfikiria alikuwa amefanya alilofanya kwa nia njema. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni ule ule, Bega akivuta, Mama akiwa amekaa na kichwa cha mgonjwa mapajani. Daktari alisema mapafu hayakubaki na kitu, na akauliza mlikuwa wapi. Ni swali la haki, lakini nilitamani asiliulize mbele ya Mama.

Kwa hiyo baada ya miaka yote ile Mama akaingia wodini. Alikaa kando ya kitanda tangu asubuhi mpaka walipofukuza wageni, akimtazama Kinyozi usoni. Hakuligusa shuka, hata kulinyoosha. Kinyozi alipoomba uji niliupika nyumbani mwenyewe, nikauchuja mara mbili, nikamnywesha kwa kijiko. Akaonja, akanitazama.

"Mawe yamekwenda wapi?" akauliza.

Nikatoka nje kidogo.

Siku moja Bega alikuja na ule mkasi, akaomba ruhusa kwa nesi, akamnyoa. Mikono ya kubebea magunia haijui mkasi. Upande mmoja ulibaki juu, mwingine ukawa kipara. Kinyozi alijitazama kwenye kile kipande chake cha kioo, akasema, "Kumbe nilikuwa sahihi kutonyolewa," akacheka mpaka kikohozi kikamkunja. Usiku huo akafariki, wala sisi hatukuwepo.

Tulimzika Ijumaa. Majirani walikuja na nywele zao ndefu, wakashika majembe kuliko sisi. Mwenyekiti alileta mifuko miwili ya saruji kwa ajili ya kaburi, akasimama pembeni akizungusha kofia mikononi. Mama alimshukuru. Mimi nilinyamaza, na kwangu hayo yalikuwa mengi.

Jumamosi Mama alikiinua kigoda chake kutoka kwenye karai, akakiburuta mpaka kwenye mabenchi. "Utaosha wewe," akaniambia. Njiani alifungua ile kamba ya watu wa zamu, akaitia kwenye kikapu. Kikombe cha kitambaa cha bluu kilikuwa kikavu kwenye msumari wake. Langoni alisimama mzee mmoja mwenye mguu uliovimba, na watu wa zamu hawakujua wafanye nini, wakamtazama Mama. Yeye alikitungua kikombe, akakijaza, akampa kwa mkono wake. Kabla hajakiachia alimuuliza mzee yule analala wapi, na pale analala upande gani, na nani analala karibu naye.

Jumapili mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda. Mama akasimama. Watu walikuwa wamesikia msiba, wakageuka na nyuso za pole, tayari kumfariji.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina."

"Niliwaambia Kinyozi anapona, mkapiga makofi. Siku ile alikuwa chini ya ngazi, anakufa. Mimi nilikuwa nimetazama kikombe."

Akakaa. Mchungaji alingoja kidogo, akidhani kuna maneno mengine yanakuja, na kanisa zima likangoja pamoja naye.