Taa Nyekundu Njia Panda kwa Bi Zena

Kaka yangu Mahfudhi aliozwa njia panda, ameshikana mkono na mkwewe juu ya mgongo wa punda, kwa sababu ya taa nyekundu, katika kichochoro cha Amu ambacho gari halijawahi kupita. Taa niliitundika mimi. Bora mlisikie kwangu, maana barazani limeshatiwa chumvi (wanasema punda ndiye alikuwa shahidi, na si kweli, mashahidi walikuwa wawili na wote ni watu wazima).

Lilianza kwa udadisi tu. Pale kwa Bi Zena vichochoro viwili hukutana, na punda mmoja mwenye shogi zilizojaa mchanga huziba njia nzima, basi akitokea wa pili ni kelele za "simile! simile!" na hakuna anayerudi nyuma. Mimi nilisomea kompyuta, nikaichora njia panda ile kwenye skrini, nikaweka nukta za buluu kuwa watu na za kahawia kuwa punda, nikaziongoza kwa taa za kuigiza, na wallahi zilipita kama maji mferejini. Nikaunda taa za kweli, wazee wa mtaa wakaniruhusu kuzijaribu, watu wakaahidi kuzitii. Ningechagua siku yoyote. Nikachagua siku ya nikahi ya kaka yangu (nilitaka msongamano wa haki, na punda wa pilau wote wangepita pale).

"Twalibu, una hakika?" Mahfudhi aliniuliza. Sheikh wa kuozesha alikuwa na nikahi nyingine Tchundwa, na mashua yake ilipaswa kupita mlango wa bahari wa Mkanda kabla maji hayajakupwa. Akiondoka, tungebaki na pilau iliyoiva na bwana harusi asiye na mke. Nikamwambia nimeshajaribu mara nyingi. Sikumwambia nilijaribu kwa nukta.

Baada ya sala ya alasiri taa ikawaka nyekundu, watu wakasimama kwa adabu, moyo wangu ukajaa. Sasa mtu wa Amu akisimamishwa mbele ya mwenzake atafanya nini?

"Waambaje, Bwana? Na wa nyumbani? Na mama, lile goti lake?"

Kijani ikawaka. Nani atamkata mwenzake katikati ya goti la mama? Kijani ikazimika, nyekundu ikarudi, na hapo ndipo walipoikumbuka ahadi yao. "Nyekundu hiyo, ngoja, tusimvunje moyo mtoto wetu." Wakaendelea kusalimiana. Nukta zangu hazikuwa na mama, wala magoti.

Punda wa pilau wakajaa kila upande, mmoja akajaribu kugeuka, akakwama mshazari katikati kabisa. Sisi tukafika na bwana harusi upande huu. Sheikh na Bwana Shee, baba wa bi harusi, wakatokea upande ule, wakielekea msikiti uleule. Nikataka kuizima taa, lakini swichi ilikuwa ndani kwa Bi Zena, ng'ambo ya punda.

"Bi Zena, zima!"

Akachungulia dirishani. "Hii yenye nyaya? Siigusi, mwanangu. Ikinirusha?"

"Mai yakupwa!" Sheikh akapaza sauti. "Tuozeshe papa hapa."

"Mimi?" Bwana Shee akang'aka. "Nimuoze mwanangu ndiani, kama muuza kuku?"

"Basi muoze nikirudi. Mimi naenda zangu."

Bwana Shee akautazama mstari wa punda, akaivuta pumzi ndefu yenye harufu ya pilau, kisha akaunyoosha mkono juu ya mgongo wa yule aliyekwama. Mahfudhi akaupokea. Nikahi ikafungwa taa ikiwatia wekundu nyusoni, na punda hakutikisa hata sikio. Sheikh akaiwahi mashua.

Mahfudhi sasa anaitwa Bwana Taa, na shemeji yangu hawezi kunipa chai bila kucheka kwanza. Taa nimezing'oa, na nimeapa sitajaribu tena mtambo kwenye harusi ya mtu. Nukta zangu nimezifundisha kusalimiana. Tangu hapo hukwama kama sisi, nami nahesabu hayo kuwa maendeleo.

Ila yule punda, kila afikapo kwa Bi Zena, husimama. Pamebaki misumari tu ukutani. Mwenyewe humsukuma, humtukana, humbembeleza, hasogei. Kisha ghafla huenda. Nimekaa pale barazani nikimtazama, njia ikiwa tupu na ikiwa imejaa, na anachokingoja bado sijakijua.