Siku Niliyogeuka Kwelea-kwelea

Jamani, mkinicheka nitawaelewa, maana ile aibu haina pa kuifichia, na mpaka leo nikipita sokoni Mchombe kuna watu wananiita ndege.

Nilikuwa mwalimu mpya, bado sijathibitishwa kazini, na wa kunipendekeza ni mwalimu mkuu. Siku hiyo akaja mthibiti ubora kutoka Ifakara, mama mmoja mpole, kuangalia kama tunatumia mbinu shirikishi (yaani mtoto atende, mwalimu awe mwezeshaji tu, asibwabwaje). Somo langu lilikuwa visumbufu vya mpunga. Ningechora ubaoni ningemaliza salama, lakini kimbelembele changu kikanituma niwatoe Darasa la Nne nje waigize kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, kazi wanayoifanya mashambani kila msimu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa ndege, ndege nikawa mimi.

"Fanyeni vilevile mnavyofanya shambani," nikawaambia, nikatanua mikono, nikaanza kudonoa masuke niliyoyachomeka ardhini, huku mkuu na mgeni wake wamekaa kivulini wanatabasamu.

Wakapiga madebe. Wakarusha madonge ya udongo (moja lilinipata sikioni, nikavumilia, mwezeshaji haingilii). Kisha Tatu, binti mwenye sauti kuliko kengele yetu, akapaza: "Toka hapo, Mwalimu Mkuu! Hukulima, unakuja kula tu!" Darasa zima likaitikia, "Toka, Mwalimu Mkuu!"

Nikaganda, mbawa juu. Halafu nikaharibu zaidi kwa kujitetea: "Mkuu, naapa sikuwafundisha mimi."

"Kweli, mwalimu," Tatu akanisaidia kwa heshima zote, "hiyo tunaijua tangu nyumbani. Yule ndege mnene wa shambani, hilo ndilo jina lake. Hata baba anamwita hivyo."

Mama mthibiti akainamia karatasi zake, mabega yakimtikisika. Akanipa alama za juu, eti wanafunzi wamelihusisha somo na maisha yao. Mkuu naye akanipongeza, tena kwa kunishika mkono, akasema taratibu, "Kuhusu kuthibitishwa kwako, mwalimu, tutazungumza baada ya mavuno."

Nimeapa, ushirikishaji kwangu basi: naandika ubaoni, wananakili, kimya. Maana mavuno yale yalishapita, watu wamelima tena na kupanda tena, na nikimpa mkuu shikamoo ananijibu marahaba vizuri kabisa, kisha anasema mwaka huu mavuno yanaonekana yatachelewa.